Nilisoma wasifu wa bibi, na bibi hakuwamo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Matombo, milimani Uluguru. Nina miaka 29 na kwa sasa nafanya kazi Dodoma. Novemba mwaka jana tulimzika bibi yangu mzaa mama. Misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja imekaribia, na kikao cha familia kimenipa tena kazi niliyoifanya siku ya mazishi, ya kuandika wasifu wa marehemu na kuusoma mbele ya watu. Wanasema nina sauti nzuri. Mimi moyo unanidunda kila nikiikumbuka ile karatasi.

Niliiandika usiku wa kuamkia mazishi, nimekaa juu ya ndoo nyuma ya turubai, najimulikia kwa simu. Wajomba walikuwa wananitajia, mimi naandika. Kesho yake nikasoma kwamba marehemu alizaliwa mwaka 1943, akabatizwa, hakubahatika kusoma, akafunga ndoa takatifu, akajaliwa watoto saba, wajukuu 26 na vitukuu tisa, alikuwa mwanachama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, alisumbuliwa na presha kwa muda mrefu, na Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Haikufika dakika nne. Nilipoikunja ile karatasi niliona kama nimesoma habari za mtu nisiyemjua.

Shangazi, bibi yangu hakuwa mtu wa dakika nne. Kutoka kwake hadi mtoni ni mwendo wa robo saa, lakini yeye asubuhi nzima ilikuwa inaishia njiani, maana hakuna ua alioupita bila kuingia. Siku ya gulio alishuka na mikungu miwili ya ndizi, mmoja akauza, mwingine ukaishia mikononi mwa watu. Ukilala kwake hukujua utaamka umebanana na nani, kwa sababu kila msafiri aliyeachwa na gari alijua mlango wa kugonga. Wajukuu wa kiume aliwaita waume zake, sisi wa kike wake wenzake, na ukifika likizo alikukagua mikono aone kama huko mjini unalima au unakula tu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba siku hiyohiyo bibi alisemwa, ila si na mimi. Kuna mama mmoja Mnyamwezi aliyeolewa kijijini kwetu, mtani wetu. Kabla jeneza halijatoka, aliingia chumbani kwa bibi, akatoka amejifunga kitenge chake cha WAWATA, ameshika mkongojo wake, amepinda mgongo vilevile. Akazunguka uwanja mzima anasalimia mmoja mmoja kwa sauti ya bibi: "Wewe, goti limepoa? Yule mbuzi kashazaa? Mbona mkeo hujaja naye, mmegombana tena?" Akafika jikoni, akafunua sufuria: "Nani kasema hawa wameshakula? Wapakulie tena!" Watu walicheka wakashika mbavu, kisha kile kicheko kikageuka kilio. Mimi nimesimama na karatasi yangu mkononi. Kitenge aliondoka nacho, akasema hatukipati mpaka tukikomboe.

Jambo la pili ni zito. Nilipokuwa nasoma "watoto saba", nilimwona baba mmoja wa makamo pale nyuma ameinamisha kichwa. Huyo tumemkuta siku zote kwa bibi, sisi tunamwita mjomba. Anaishi upande wa Turiani, na alifika msibani kabla ya wajomba wengine wawili. Jioni, mama yangu akiwa anaosha vyombo, aliniambia bila kunitazama: "Yule tulinyonya ziwa moja." Mama yake alifariki akijifungua, mwaka wa unga wa yanga, ule wa njaa watu walipokula unga wa mahindi ya njano. Bibi alikuwa na mama yangu mchanga mgongoni, akamchukua na huyo, akawanyonyesha wote wawili na kumlea mpaka alipooa.

Kwenye kikao nilisema safari hii tuandike watoto wanane. Mjomba mkubwa akakata: "Wanaandikwa wa kuzaa tu." Kwetu Waluguru ukoo unafuata kwa mama, na mjomba akishasema hakuna anayejibu. Mazungumzo yakahamia kwenye kujengea kaburi kwa marumaru, kila mjukuu mwenye kazi atoe shilingi 150,000.

La mwisho ni langu peke yangu. Bibi alikuwa ananibipu. Siku mbili kabla hajaanguka alinibipu mara tatu, nikasema nitampigia jioni. Sikupiga.

Nifanyeje, Shangazi, ili safari hii bibi awemo? Na huyo wa nane nimwache?

Mjukuu, Dodoma

* * *

Marahaba, mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia kwa yule mtani, kwa sababu hapo ndipo jibu lako lilipo.

Umeandika kana kwamba alikupokonya kazi. Mimi naona alikuonyesha inavyofanywa. Ninyi wafiwa hamkuwa na ruhusa ya kucheka, wala ya kusema kwamba marehemu alikuwa anachungulia ndoa za watu. Mtani ruhusa hiyo anayo, na ndiyo kazi yake msibani. Utani wa Wanyamwezi na watu wa huko kwenu wazee husimulia kwamba ulikua kwenye misafara ya wapagazi waliokuwa wakishuka Bagamoyo, watu waliopeana maji na kuzikana njiani. Kwa hiyo yule mama hakuwa anafanya mzaha tu. Na angalia alichosema. Hakusema marehemu alikuwa mkarimu, alifunua sufuria. Hakusema alijali watu, aliuliza goti. Wasifu wako ulikuwa na tarehe na hesabu, wake ulikuwa na goti, mbuzi na sufuria, na uwanja mzima ukamtambua mwenyewe.

Basi kabla hujashika kalamu, kamtafute. Mpelekee sukari, kaa naye, umuulize yale maneno aliyatoa wapi. Kila swali alilouliza siku ile lina mtu wake na lina kisa chake.

Kisha omba daftari la rambirambi. Kila msiba una daftari, na baada ya kuanua tanga huwa linatupwa kabatini kana kwamba ni hesabu za duka. Lifungue, uache waliotoa laki, anza na waliotoa mia tano, na walioleta kuni, magimbi, mkungu wa ndizi. Mtu asiye na kitu akitembea mlima kupeleka kuni kwenye msiba, kuna jambo marehemu alimfanyia. Chagua majina kumi, nenda kwa miguu. Usiende na maswali ya fomu.

Hapo naomba nikusimulie kosa langu. Mama yangu alipoanza kuchoka nilinunua daftari jipya, nikamketisha, nikamuuliza alizaliwa lini. Akasema hajui. Baba yake alifariki mwaka gani? Hajui. Nikafunga daftari nikiwa nimekasirika, naye akajiona mjinga mbele ya mwanawe. Wiki nzima hatukuligusa tena. Siku moja tunachambua mchele nikamuuliza, si kwa kukusudia, alikuwa anatumwa nini alipokuwa mdogo. Alizungumza mpaka mchele ukaisha na jua likazama, na daftari lilikuwa chumbani. Mtu mzima ukimuuliza mwaka unamfunga mdomo. Muulize alikuwa anabeba nini kichwani, nani alimsuka, alikimbilia wapi alipopigwa.

Na miaka utaipata, ila kwa njia ya mzunguko. Huo mwaka 1943 alikupa nani? Vitambulisho vya wazee wetu vingi vina tarehe za kukisia. Kwenu Uluguru mna alama ambayo wengine hatuna: fujo za matuta za mwaka 1955, serikali ya Mwingereza ilipowalazimisha watu kuchimba matuta milimani, na watu wa Matombo wakakataa. Muulize mdogo wake bibi, kama yupo, dada yake wakati wa matuta alikuwa mtoto wa kubebwa, mtoto wa kutumwa maji, au mwali. Jibu hilo peke yake litakusogeza karibu kuliko kitambulisho. Ukitaka kujua baadaye alikuwa na watoto wangapi, uliza siku ziliposikika habari za Waziri Mkuu Sokoine kufariki pale Dakawa, Aprili 1984, ni nani alikuwa mgongoni. Watu wa Morogoro siku ile hawajaisahau.

Lile neno "hakubahatika kusoma" nalo ulichunguze kabla hujalirudia. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wanawake wengi wa rika la bibi yako walikaa chini ya miembe na watoto mgongoni wakijifunza kuandika majina yao. Kama alipita kisomo, kuna mtu alikaa naye bega kwa bega. Kama hakupita, muulize mama yako bibi alikuwa anawekaje hesabu ya waliokopa ndizi gulioni. Mtu aliyejua goti la nani linauma na mbuzi wa nani ana mimba alikuwa na daftari lake kichwani, na hilo ndilo la kuandika.

Sasa huyo wa nane.

Usimwache. Hili nakuambia bila kuzunguka. Ila usiliendee kama ulivyoliendea, kikaoni, mbele ya watu, mjukuu wa kike wa miaka 29 akimsahihisha mjomba kuhusu mama yake mzazi. Hata kama ungekuwa na haki mara kumi, pale alikuwa hana njia ya kukubali bila kuaibika.

Nami simuoni mjomba wako kuwa mkatili. Nadhani ana hofu, na hofu yenyewe ina miti na mipaka. Kwenu ardhi ya ukoo inafuata kwa mama. Huyo ndugu wa Turiani mama yake alikuwa mwingine, huenda na ukoo mwingine. Mjomba akisikia "watoto wanane" kanisani, mbele ya padri na mwenyekiti wa kijiji, anasikia pia shamba likigawanywa sehemu nane. Hajakwambia hivyo, na pengine mwenyewe hajajiambia. Basi litenganisheni. Karatasi ya misa haigawi shamba. Mirathi ina njia yake, kikao cha ukoo, na ikishindikana mahakama ya mwanzo, na huko hakuna anayeangalia mjukuu alisoma nini kanisani. Mwambie mjomba maneno hayo kwa utulivu, mkiwa wawili, nyumbani kwake, baada ya kula. Ikibidi ayasikie kwa mtu anayemzidi, mtume mdogo wake bibi. Mjomba amekata kauli mbele yako, lakini mbele ya mama yake mdogo yeye ni mtoto.

Lakini kabla ya mjomba kuna mtu mwingine, na huyu umemsahau kabisa kwenye barua yako. Umemuuliza mwenyewe? Mtu amekaa karibu miaka hamsini akijua alivyo. Huenda anataka kutajwa, huenda anaogopa kutajwa kuliko hata mjomba anavyoogopa. Huenda jina la mama yake aliyemzaa ndilo analotaka lisikike, kwa kuwa yule naye alizikwa akiwa msichana, na sijui kama kuna aliyemsomea chochote. Panda gari uende Turiani. Nenda na mama yako, kwa sababu ni ziwa lao. Kaeni wote watatu, simu iwe mezani inarekodi ikiwa wameridhia, wewe nyamaza. Nadhani mama yako ameshakutilia neno la kwanza pale kwenye vyombo, lililobaki atalisema akiwa na nduguye.

Akiridhia, maneno hayana haja ya kuwa makali. Unaweza kuandika hivi: "Mwaka wa unga wa yanga, mwanamke mwenzake alifariki akijifungua. Bibi alikuwa na mtoto mchanga. Alimpokea na yule mwingine, akawapa wote wawili ziwa lake, na hakuna siku aliyowapakulia sahani tofauti. Alizaa watoto saba, akalea wanane." Mjomba hapo hajanyang'anywa kitu. Saba wake wapo, wamehesabiwa. Na yeye alikuwepo utotoni, aliiona sahani ile. Kwa umri, kama wamepishana kidogo, huenda alichezea naye vumbi moja. Ukimsomea sentensi hizo mbilitatu kabla ya misa, usimwombe ruhusa. Muulize tu kama umekosea mahali. Mtu mzima akipewa nafasi ya kusahihisha mara nyingi huanza kusimulia.

Kuhusu marumaru sina ugomvi. Kaburi kwenye mlima wenye mvua kama wenu linahitaji saruji, la sivyo litashuka na udongo. Lakini mkishakubaliana kiasi, omba sehemu ndogo ya mchango iende kwenye sufuria. Siku ya misa walioleta kuni waitwe kwa majina, wale, wapakuliwe tena. Bibi yako angeingia jikoni kukagua hilo kabla ya kutazama kaburi lake.

Zile bipu tatu.

Sitakwambia hazina maana, ungejua nakudanganya. Alikutafuta na hukupiga. Hilo lilitokea, na utakaa nalo. Ila nikuulize, kile kitochi chake kiko wapi? Wajukuu ndio mliokuwa mnamwandikia majina, sivyo? Mwambie mama akitafute, mkichaji, mfungue orodha ya waliopigiwa. Nina hakika hutakuwa peke yako. Bibi wa namna hiyo siku ile ya bipu tatu alibipu nusu ya kijiji, na huenda wengine walimpigia, wakajua alichokuwa anataka. Pengine mtu amejifungua. Pengine ndizi zimeiva na kuna gari linakuja Dodoma. Ulizia. Ukijua alichotaka kukuambia, kama ni jambo linalofanyika, lifanye. Kisha mwezi huo wa Novemba, mnapokwenda kubariki makaburi, tangulia wengine asubuhi, umwambie ulichelewa kupiga. Wasifu usiuguse kwa hilo. Wasifu ni wake, na hiyo ni yenu wawili.

Unapoandika, andika kwa urefu unaotaka, halafu soma kwa sauti ukiwa jikoni kwa mama. Mahali atakapoacha kuosha sahani, hapo pabaki. Mahali atakapoendelea kuosha, kata. "Bwana ametoa na Bwana ametwaa" mwachie padri, ataisema vizuri kuliko wewe. Presha nayo itoshe neno moja. Aliishi nayo, haikuwa yeye.

Vile alivyowaita, waume zangu na wake wenzangu, vitie mwanzoni kabisa, kabla ya mwaka wa kuzaliwa. Wajukuu 26 wakisikia hivyo watanyoosha shingo.

Na kitenge alichoondoka nacho mtani, msikikomboe bado. Mwalikeni kwenye misa, mwambieni aje nacho.